Thelathini Nyingine Zilikwenda Wapi

Fort Sill, Oklahoma
14 Aprili 1996

Dada Arlys,

Nakusalimu kutoka kwenye vumbi jekundu. Mimi mzima, ila goti la kushoto limeanza kuniarifu mvua kabla ya redio. Natumaini wewe na Mama hamjambo, na kwamba theluji hatimaye imeondoka mlangoni. Huku tunavaa mikono mifupi tangu Machi. Mwanao Kristi anaendeleaje na tumbo lake? Mwambie mjomba anangoja habari, na mtoto akiwa wa kiume asimwite Verlyn. Nimelibeba jina hilo miaka arobaini na miwili na mpaka leo watu huniuliza kama ni la mwanamke.

Sasa nisikuzungushe. Tarehe thelathini na moja Agosti natoka jeshini. Miaka ishirini na miwili, Dada, na kitu kinachonisumbua si mizinga wala maamkio ya alfajiri, ni likizo. Jeshi hutupa siku mbili na nusu kila mwezi, na mimi unanijua, si mtu wa kwenda likizo, basi zimelundikana. Kufikia siku ya kutoka nitakuwa na siku sabini na nne. Ninaweza kuzitumia zote mwishoni: navua sare tarehe kumi na tisa Juni, nakuja nyumbani, na mshahara unaendelea kuingia mpaka Agosti kana kwamba bado nafunga kamba za mabuti. Au niuze baadhi yake. Wananiruhusu kuuza thelathini tu. Nikiuza hizo, nitabaki karakanani mpaka katikati ya Julai, na huko nyumbani mtaniona tarehe ishirini hivi.

Hapa kila mtu ana maoni. Mezani watu wanagombana juu ya jambo hili utadhani wanagombea mpaka wa shamba. Wanasema ni mjinga tu anayeuza, kwa sababu unalipwa mshahara mtupu, bila posho ya nyumba wala ya chakula. Karani wa mishahara, binti mmoja mkali kutoka Georgia, aliniambia, "Sajenti, mtu anayeuza likizo yake ama ana madeni, ama ana mke asiyetaka kumwona. Wewe una lipi?" Nikamwambia sina mke wala deni. Akasema, "Basi una kitu kibaya zaidi." Nikacheka.

Si kwamba sitaki kuja. Usielewe hivyo. Ila karakana ina upungufu wa watu, na meja angependa nimfundishe kijana atakayeshika nafasi yangu. Lazima niamue kabla ya mwisho wa Mei. Wewe ndiwe uliye na Mama, wewe ndiwe unayejua hali ilivyo. Nishauri.

Mpe Mama shikamoo yangu.

Ndugu yako,
Verlyn


Norrby, Wisconsin
25 Aprili 1996

Verlyn, mdogo wangu,

Barua yako ilifika Jumatatu, nikaisoma jikoni pale shuleni nimesimama, viazi vya watoto mia mbili vikichemka nyuma yangu. Mimi mzima. Theluji imeondoka na kutuachia matope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Kristi amekuwa mkubwa kama tanki la maziwa, naye ananiambia kwa simu kutoka Duluth kwamba hajaona vidole vyake vya miguu tangu Pasaka. Mtoto anatarajiwa mwishoni mwa Juni. Kuhusu jina usiwe na wasiwasi, hakuna aliyelifikiria.

Mama hajambo. Anakula vizuri kuliko mimi, ana watu wa kuzungumza nao, na Alhamisi anatengenezwa nywele. Siku nyingine anakumbuka, siku nyingine hakumbuki, ndiyo hali yenyewe. Shikamoo yako nimemfikishia.

Kuhusu likizo, mimi nakwambia uza. Usikimbilie kuja kwa ajili yetu. Mama hatakwenda popote kati ya Juni na Julai, na mwezi mmoja si kitu kwa mtu aliyekaa mbali miaka ishirini na miwili. (Nakutania. Nusu.) Paa la zizi upande wa kaskazini limekaa kama kofia ya mlevi. Hata kama ng'ombe tuliwauza zamani, Baba asingependa kuliona vile, na fedha hizo zingefaa huko. Mfundishe kijana wako, umridhishe meja, uje Julai nyasi zikiwa zimekauka na mbu wamepungua.

Na usipige simu asubuhi maana niko kazini. Mchana Mama huwa amelala. Wewe andika tu, barua namsomea.

Dada yako,
Arlys


Fort Sill, Oklahoma
13 Mei 1996

Dada Arlys,

Nimefurahi kusikia mko salama. Hapa juzi kulipita kimbunga maili sita kutoka kambini, kikabeba paa la duka la matairi na kuacha matairi yenyewe yamepangwa vilevile. Mungu ana utani wake.

Nilipousoma ushauri wako nilijisikia kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. Ulivyosema "uza" niliinuka mezani saa ileile nikaenda kwa karani, nikamwambia aandae karatasi. Alikaza midomo tu. Nitatia saini kabla mwezi haujaisha. Meja amefurahi, na kijana ninayemfundisha amefurahi zaidi, maana hajui hata upande wa spana unaoshikwa.

Jana nilipiga simu kumsalimu Mama kwa Siku ya Akina Mama, nawe ukaniambia amelala. Saa sita na nusu mchana, Dada, ndiyo kwanza watu wanatoka kanisani? Mama huyu aliyekuwa akitumwagia maji tukisinzia baada ya chakula? Sikutaka kukubishia. Nadhani uzee una saa zake. Natumaini maua yamefika.

Nikikusoma vizuri naona unanificha uchovu. Hata hivyo umeniambia niuze, na mimi ni mtu wa kufuata amri.

Ndugu yako,
Verlyn


Norrby, Wisconsin
19 Mei 1996

Verlyn,

Sisi wazima. Shule inafungwa baada ya wiki mbili na nusu na watoto wameshapata wazimu wa kiangazi. Maua yalifika. Nilimpelekea Jumanne, akayanusa, akauliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, ni ya Verlyn. Akasema, "Ana akili yule." Basi umesifiwa.

Sasa kuna jambo. Jana Orville Bakke alikuja kunywa kahawa. Unamkumbuka, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, yule aliyestaafu jeshi la majini na tangu hapo haachi kulisema. Nilimweleza habari zako, kwamba una siku sabini na nne na wanakuruhusu kuuza thelathini. Akaweka kikombe chini.

"Thelathini? Nani kakwambia thelathini?"

"Yeye mwenyewe kaandika."

"Arlys, kila askari anaruhusiwa kuuza sitini. Sitini katika utumishi wake wote, awe wa majini, awe wa nchi kavu, awe anapiga tarumbeta. Mimi niliuza sitini zangu zote nikanunua mashua iliyozama."

"Labda sheria imebadilika."

"Sheria ni ileile. Kama kabakiziwa thelathini, basi thelathini nyingine alishazila zamani. Huwa wanaziuza wakati wa kutia saini mkataba mpya."

Halafu akaomba keki nyingine kana kwamba hakusema kitu.

Nimekaa na maneno hayo tangu jana. Kuuliza si ujinga, kwa hiyo nakuuliza. Thelathini nyingine uliziuza lini? Mkataba wako ninaoukumbuka ni ule wa Ujerumani, mwanzoni mwa 1981. Baba alikufa Machi 1981. Mimi ndiye niliyekupigia simu kutoka hospitali, nawe ukaniambia, "Dada, sina hata siku moja ya likizo, wamekataa." Nayakumbuka maneno hayo kwa sababu mimi ndiye niliyeyabeba kutoka kwenye simu mpaka kitandani kwake.

Nijibu tu. Nitakuwa nimekosea, tutacheka.

Arlys


Fort Sill, Oklahoma
25 Mei 1996

Dada,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Huku joto limepanda. Kijana amevunja kidole kwenye mlango wa lori, cha mkono wa kushoto, si kibaya.

Kuhusu ulichouliza, hayo ni mambo ya miaka kumi na tano iliyopita, na hesabu za jeshi hazieleweki hata na jeshi lenyewe. Orville alikuwa mpishi katika meli. Sioni kwa nini tumfanye hakimu.

Nami nina swali langu. Uliandika kwamba maua ulimpelekea Mama. Ulimpelekea wapi, Arlys, kama anakaa sebuleni, hatua tatu kutoka mlangoni?

Jumatatu ni sikukuu ya mashujaa waliokufa. Kama utapita makaburini, weka bendera ndogo kwa Baba, ile ya vita vyake.

Verlyn


Fort Sill, Oklahoma
2 Juni 1996

Dada yangu Arlys,

Sijapata jibu lako, na ile barua yangu ya mwisho haikustahili jibu. Nilikujibu kama mwizi anayeuliza kwa nini taa imewashwa. Nisamehe. Leo sina habari za hali ya hewa.

Niliziuza Januari 1981. Siku thelathini, Ujerumani, siku ya kutia saini mkataba wa pili. Nilinunua gari, Opel ya njano, ile niliyowatumia picha nimeiegemea. Wakati huo sikujua kama Baba anaumwa. Laiti ingekuwa hivyo tu ningeweza kuishi nayo. Mtu haagui kesho.

Lakini haikuwa hivyo tu. Wewe ulipokwenda Msalaba Mwekundu, wakathibitisha kwa daktari na kupeleka ujumbe kambini, ujumbe ule ulifika. Ulifika siku ya pili yake asubuhi, kabla hujanipigia simu. Kapteni aliniita ofisini, akafunga mlango. Aliniambia, "Tveit, baba yako anaondoka. Kuna ndege kesho kutoka Frankfurt. Nimeshakuwekea nafasi." Nikamwambia, "Kapteni, sina siku za likizo, nimeziuza." Akasema, "Nani amezungumza siku? Utakopeshwa. Nenda kafunge begi."

Nikamwambia siendi.

Hakuelewa. Aliniuliza mara tatu. Nilimwambia mimi na Baba hatuna uhusiano, kwamba nikienda nitamletea hasira bure. Unajua nilivyoondoka mwaka 1974. Niliingia zizini na begi begani, yeye anakamua, nikasema naenda. Hakuinua kichwa. Alisema, "Funga mlango, baridi inaingia." Miaka saba nilikuwa nangoja aniite. Ujumbe ulipofika, kitu cha kwanza nilichokitazama ni jina la aliyeomba nije. Lilikuwa lako, si lake. Basi nikakasirika. Mtu anakufa, na mimi nimekasirika kwa sababu hakuniita kwa mdomo wake. Na chini ya hasira ile kulikuwa na woga. Sikutaka kumwona Baba amelala, amedhoofika, ananitazama. Kwa hiyo wewe ulipopiga simu nikasema wamekataa. Ilitoka rahisi. Siku hazikuwepo kweli, nikajificha nyuma ya ukweli huo.

Siku ya mazishi nilikuwa chini ya gari lile nikibadilisha oili.

Tangu hapo nimekuja nyumbani mara nne katika miaka kumi na tano, siku tatu tatu, na kila mara Mama akinikumbatia nilikuwa nahesabu saa za kuondoka. Nikikaa muda mrefu, nilijua nitasema. Ndiyo sababu nilitaka kuuza hata hizi. Nilikuandikia ili wewe uniambie niuze, niwe na wa kumsingizia. Ukaniambia. Nami nikashangilia. Naona haya kukuandikia hivi, lakini naona haya zaidi nikifikiria ulivyosimama pale na simu mkononi ukitafuta namna ya kumwambia mgonjwa.

Ijumaa, siku ya mwisho, nilikwenda kwa karani na karatasi haijatiwa saini. Nikamwambia aichane, nazitumia siku zote sabini na nne. Alinitazama juu ya miwani. "Madeni yameisha, Sajenti?" Nikasema, "Bado, ndiyo maana naenda." Akaandika upya bila kuniuliza tena. Natoka hapa tarehe kumi na tisa asubuhi. Nitafika tarehe ishirini na moja, ukiniruhusu.

Verlyn


Norrby, Wisconsin
10 Juni 1996

Verlyn,

Nimeisoma barua yako mara nne. Mara ya kwanza niliitupa kwenye pipa la maganda, nikaiokota. Kama ina harufu ya vitunguu, umeshajua kwa nini.

Sitakuambia si kitu. Ni kitu. Nilirudi chumbani kwa Baba nikamwambia, "Wamemkatalia, hana siku." Aliniomba nirudie, masikio yake yalikuwa yamechoka, nikarudia kwa sauti kubwa mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akanionea huruma. Baba akasema, "Jeshi ni jeshi." Kisha akaomba ile picha yako na gari, tuliyokuwa tumeibandika kwenye friji. Nilimletea kesho yake. Aliitazama sana, akasema, "Gari zuri. Amelitunza." Akafa Alhamisi. Sikukuambia habari ya picha kwa sababu niliona itakuuma, kumbe nilikuwa namwonea huruma mtu aliyekuwa anabadilisha oili. Nina hasira nawe, Verlyn. Ningekuwa na nguvu ningekuwa na hasira zaidi.

Lakini sina nguvu, na hapa ndipo nami nivue nguo zangu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mama hayuko nyumbani. Nilimpeleka kwenye makao ya wazee tarehe kumi na moja Machi. Yuko huko miezi mitatu sasa, chumba cha kumi na saba, dirisha linatazama maegesho ya magari. Unakumbuka nilimwapia Baba, mbele yako na mbele ya mchungaji, ile Krismasi ya mwisho kabla hujaondoka mwaka 1974, kwamba Mama hatapelekwa kwa wageni hata siku moja. Wewe ulikula pai, mimi nikala kiapo.

Miaka sita tangu aanze kusahau nimekishika. Nimemwogesha, nimemlisha, nimemtoa barabarani na gauni la kulalia Januari akitafuta ng'ombe tuliokwisha kuwauza. Mwezi wa pili alinikwaruza uso kwa sababu hakunijua, nami nikampiga kofi. Mama yangu. Nilimpiga kofi, akaniambia, "Samahani, bibi." Nikapiga simu kwenye makao asubuhi yake. Hakuna anayejua habari ya kofi hilo ila wewe sasa.

Ndiyo sababu nilikuandikia uuze. Haikuwa paa. Kila mwezi ambao hukuja ulikuwa mwezi ambao hukujua. Nilikwambia analala kwa sababu sikuweza kutamka mahali alipo. Tazama sasa tulivyokuwa, wewe unaomba ruhusa ya kutokuja, mimi nakupa haraka haraka, kila mmoja anamshukuru mwenzake.

Uje. Sikuruhusu, nakuagiza. Mimi sitakuwepo. Tarehe ishirini naenda Duluth kwa Kristi, na nitakaa mpaka mtoto azaliwe na mama yake aweze kusimama. Sijatoka nje ya wilaya hii tangu Mama aanze kusahau. Nisikudanganye pia, tumedanganyana vya kutosha: naondoka siku moja kabla yako kwa sababu siwezi bado kukutazama. Itakuja. Niachie muda.

Mama hula saa sita kamili na hatakula kama hakuna wa kukaa naye. Hapendi karoti. Nimewaambia wauguzi kwamba mwanawe anakuja. Mwenyewe nimemwambia pia, lakini usitegemee.

Ufunguo yuko nao Orville. Atakuuliza habari za sitini. Mjibu unavyotaka.

Arlys


Norrby
30 Juni 1996

Dada Arlys,

Hongera, bibi mpya! Kristi alipiga simu mwenyewe, sauti imekauka lakini anacheka. Msichana, ratili nane na ushee. Namshukuru Mungu kwa wote wawili. Nilimweleza Orville, akaleta mkia wa samaki aliyemkausha mwenyewe, akauita zawadi ya mtoto. Nitaula mimi kwa niaba yake.

Nyumba ni salama. Nimepanda juu ya zizi, paa linatengenezeka, bati nane tu. Orville aliniuliza habari za sitini siku ileile ya kwanza, hata begi sijaliweka chini. Nilimwambia ukweli wote. Akasema, "Mimi mashua yangu ilizama mbele ya wakwe," akanipa ufunguo. Sijui kama ni kunifariji.

Nimekwenda kwa Mama kila siku, saa tano na nusu, kabla ya chakula. Siku ya kwanza niliingia nikasema, "Shikamoo Mama, mimi Verlyn." Akacheka. "Verlyn ana nywele," akasema. Gurudumu la kiti chake lilikuwa linalia, nikapiga magoti nikalikaza, na tangu hapo mimi ni fundi. Wakati nikiwa pale chini akaniambia, "Mwanangu naye ni fundi. Yuko jeshini, anatengeneza mizinga."

Sijui kwa nini nilimuuliza kama huwa anakuja kumwona.

"Hawampi ruhusa," akasema. "Wanamtegemea mno. Hata baba yake alipokufa hawakumpa. Alilia kwenye simu, maskini, akiwaomba. Alitaka kuja yule mtoto. Waliokuwepo wote walimsikia akilia."

Sikulia kwenye simu, Arlys. Wewe unajua sikulia. Hilo amelishona mwenyewe, uzi kwa uzi, miaka kumi na tano, na muuguzi ananiambia analisimulia kwa kila anayeingia, mpaka anayeleta shuka. Nilibaki na spana mkononi. Nikamjibu, "Jeshi ni kali, mama." Akanipapasa bega, kunishukuru kwa kumwelewa mwanawe.

Siku nane nilimwitikia hivyo hivyo. Alisimulia, nikaitikia, nikamlisha. Nilijiambia ni mgonjwa, anachoamini kinampa raha, mimi ni nani wa kumnyang'anya. Lakini kila nikitoka pale maegeshoni nilijua namwitikia kwa faida yangu. Nilikuwa nadanganya mara ya pili, safari hii ana kwa ana, na bado ni rahisi vilevile.

Leo alipofika kwenye kulia, niliweka kijiko chini. Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Mama, walimpa ruhusa. Kapteni alimwekea nafasi kwenye ndege. Yeye ndiye aliyekataa. Aliogopa, akakaa, akawadanganya."

 Macho yake yalinishika kabisa, kama zamani alipotukuta na kosa, nikadhani, ndiyo hii, amenijua. Nilikuwa tayari, Dada. Chochote ambacho angesema nilikuwa tayari kukipokea.

Akautoa mkono wake katika wangu.

"Basi wewe humjui mwanangu," akasema.

Halafu akamwita muuguzi kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tulipokuwa watoto. "Mtoe huyu! Anamsingizia Verlyn!"  Akasukuma bakuli, supu ikamwagika kwenye shati langu. Muuguzi, binti mpole, aliona haya kuliko mimi, akaniomba nisubiri nje mpaka atulie. Nikatoka. Nilisimama ukumbini na shati limelowa, nikimsikia ndani akimweleza yule binti mimi ni mtu mzuri kiasi gani, na sijawahi kutamani kitu kama nilivyotamani kuwa huyo anayemtetea.

Hakula leo. Nimeona ujue, kwa sababu ulinipa kazi moja tu.

Kesho nitarudi saa tano na nusu. Huenda atakuwa amesahau, huenda atanifukuza tena mlangoni. Viatu vyako vya bustanini nimevisogeza ndani, mvua inakuja, goti limesema. Mbusu mtoto, na ukae naye mpaka ushibe.

Mdogo wako,
Verlyn